Saa za Kazi na Haki ya Moyo



Suali la juma hili limetufikia kutoka kwa mama mmoja wa hapa mjini. Mumewe ni mlinzi wa usiku. Huingia kazini magharibi na kutoka alfajiri, na baada ya kulala kidogo hushika tuktuk ya mtu hadi alasiri. Mama akimsihi apumzike, humjibu kuwa kuwatafutia watoto riziki ni ibada, na mwenye kufa katika kazi hiyo amekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mama anauliza mambo mawili: je, anapata dhambi kwa kumshurutisha mumewe apunguze kazi? Na je, ni kweli kwamba kazi nyingi yenyewe yaweza kuudhuru moyo wa mtu, au hayo ni maneno ya mitaani?

Tutaanza na la pili, kwani la kwanza linalitegemea.

Mwezi wa Mei mwaka 2021, mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la Afya na la Kazi, yalitoa kwa pamoja matokeo ya uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Waliwalinganisha watu wafanyao kazi saa 55 au zaidi kwa wiki na wale wafanyao saa 35 hadi 40. Wale wa saa 55 walionekana kuwa katika hatari ya kupatwa na kiharusi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 peke yake, vifo vilivyokadiriwa kutokana na saa nyingi za kazi vilikuwa 745,000 ulimwenguni kote: 398,000 kwa kiharusi na 347,000 kwa maradhi ya moyo. Wengi wa waliokufa walikuwa wanaume, na aghalabu walifariki wakiwa na umri wa miaka 60 hadi 79, baada ya kuzibeba saa hizo tangu walipokuwa na miaka 45 na kuendelea.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Madhara haya hayamfikii mtu siku ileile anayochoka. Mwenye umri wa miaka 45 akifanya kazi usiku na mchana hujiona mzima, hucheka na wenzake barazani, na husema mwili wake umeshazoea. Deni linaandikwa kimyakimya, na mwenye kudai huja baada ya miaka 10 au 20, wakati watoto aliowahangaikia wamekuwa watu wazima na yeye ndiyo kwanza angekaa kitako.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni ya kuli wa bandarini na mbeba mizigo wa Kongowea tu. Jijini London kuna watumishi wa serikali ambao afya zao zimekuwa zikifuatiliwa tangu mwaka 1985. Mwaka 2010 zilitolewa habari za watu wapatao 6,000 miongoni mwao. Wale waliokuwa wakizidisha saa 3 hadi 4 kila siku juu ya saa zao za kawaida walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiasi cha asilimia 60 zaidi ya wale wasiozidisha, hata baada ya kuzingatiwa uvutaji wa sigara, uzito wa mwili na mengineyo. Na hao ni watu wa ofisini, wenye viti na vikombe vya chai.

Wajapani wamefika mbali zaidi, hata wakalipa jambo hili jina lake: karoshi, yaani kufa kwa kazi. Tukio la kwanza linalotajwa ni la mwaka 1969, la kijana wa miaka 29 aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya kusafirisha magazeti, akafariki kwa kiharusi. Mwaka 2014 nchi hiyo ilipitisha sheria maalumu ya kuzuia vifo vya namna hiyo. Huko, mtu akipatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, hutazamwa saa alizofanya kazi. Ikiwa alizidisha kiasi cha saa 100 katika mwezi uliotangulia, au wastani wa saa 80 kwa mwezi katika miezi 2 hadi 6, maradhi yake huweza kuhesabiwa kuwa yametokana na kazi, na watu wake wakalipwa fidia. Huku kwetu mtu huanguka kazini, tukamswalia, tukamzika, na hakuna aulizaye alilala lini.

Basi ni vipi saa ziudhuru moyo? Matabibu wanatueleza njia mbili. Ya kwanza iko ndani ya mwili wenyewe. Mtu akiwa katika dhiki na haraka, mwili hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli, moyo ukapiga mbio, mishipa ikakaza na damu ikapanda shinikizo. Hilo kwa muda mfupi ni rehema, kwani ndilo linalomwezesha mtu kukimbia hatari. Likiendelea kutwa na kucha, mishipa huchakaa. Kwa mtu mzima wa afya, shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 au zaidi anapolala usiku, na hayo ndiyo mapumziko pekee ambayo moyo unayapata, kwani hauna siku ya likizo tangu mtu akiwa tumboni mwa mamake. Mola wetu ametutajia usingizi miongoni mwa neema zake katika Suratun Nabaa. Mwenye kuuuza usingizi kwa ujira anaunyima moyo fungu lake.

Njia ya pili ni ya nyendo. Aliyechoka hali kwa wakati. Hula chipsi na soda saa 5 za usiku, kisha akalala chakula kikiwa bado juu. Hatembei, hana nafasi ya kwenda kupimwa, na dawa za presha alizoandikiwa huzisahau. Na hapa lazima tuseme wazi, ijapokuwa wako watakaonuna: wengi wa walinzi na madereva wetu hawakeshi kwa nguvu zao. Hukesha kwa miraa na muguka shavuni, au kwa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Majani hayo huupigisha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Kwa hivyo moyo uliokwisha kuchoshwa na saa huchapwa bakora juu ya uchovu wake. Mwajiri anayempanga mtu zamu za saa 12 usiku baada ya usiku, kisha akamlaumu kwa kutafuna, na ajitazame pia.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa hapa Kenya kiasi cha mtu mzima 1 katika kila 4 ana shinikizo la damu lililopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Presha haina kelele, wala haiumi. Kwa wengi, siku ya kwanza kujulikana ndiyo siku ya kiharusi.

Na tukikitaja kiharusi, hatuwezi kupita bila ya kusema neno. Huku kwetu pwani wako ambao bado wanaamini kuwa mtu aliyepooza upande mmoja, mdomo ukaenda kombo na ulimi ukawa mzito, amepigwa na upepo au na jini. Basi huletwa kwa masheikh asomewe, huandikiwa kombe, hufukizwa, na mchana unaisha. Sisi tunaisomea jamaa yetu Qur'ani na tunaamini kuwa ni shifaa. Lakini tukiletewa mtu wa namna hiyo mlangoni, jawabu letu ni moja: mtieni garini mumpeleke hospitali sasa hivi, na dua tutaisoma njiani. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, nayo hutolewa, pale inapopatikana na baada ya kichwa kupigwa picha, ndani ya saa 4 na nusu za mwanzo. Baada ya hapo mlango huo hufungwa. Kila dakika inayopotea barazani ni sehemu ya ubongo inayokufa.

Wako pia wasemao, ajali imeandikwa, kazi haimuui mtu. Kweli ajali imeandikwa. Lakini Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa akielekea Sham na kupata habari kuwa kuna tauni, aliwarudisha watu nyuma. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari akielekea kadari nyingine. Hakuna aliyekuwa na imani ya kadari kuliko yeye, na bado hakuuingiza msafara wake katika maradhi.

Sasa tuhesabu. Mume wa mama huyu hulinda saa 12 kwa usiku. Akienda usiku 6 kwa wiki, hizo ni saa 72. Tuktuk akiiendesha saa 5 kwa siku katika siku hizo 6, ni saa 30 nyingine. Jumla ni saa 102, na hatujahesabu mwendo wa kwenda na kurudi, wala foleni ya kivuko cha Likoni kwa walio ng'ambo. Wiki nzima ina saa 168. Zilizobaki ni 66: ndani yake alale, ale, aoge, aswali, awaone watoto, ahudhurie mazishi na harusi. Mwenye kutaka na achukue karatasi, azihesabu saa za mumewe, au za mwanawe, au zake mwenyewe mwenye duka anayefungua baada ya alfajiri na kufunga baada ya isha. Hesabu hiyo ya dukani hupita saa 90, na mwenye duka hujiona hana kazi ngumu kwa sababu amekaa.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka saa 52 za kazi za kawaida kwa wiki, na 60 kwa afanyaye kazi ya usiku. Hapo tuna la kusema: hizo 60 za usiku zimekwisha kuupita mpaka wa 55 waliouweka wataalamu, na usiku ndio wakati ambao moyo ulihitaji kupoa. Hata hivyo, laiti sheria hiyo ingefuatwa kama ilivyo, wengi wangepata nafuu kubwa. Mwajiri Mwislamu asingoje mkaguzi wa serikali. Anajua mwenyewe atasimama mbele ya nani.

Tumezungumza juu ya waume, na wasomaji wetu walio wengi ni wanawake. Hao je? Katika ule uchunguzi wa mwaka 2021, kazi iliyohesabiwa ni ya ujira tu. Kazi za nyumbani zisizo na malipo hazikutiwa hesabuni. Mama anayeamka saa 9 za usiku kukanda unga wa mahamri, akauza hadi saa 3 za asubuhi, akarudi kufua na kupika, akawapeleka watoto madrasa, jioni akakaanga viazi karai mlangoni hadi isha, katika vitabu vya wataalamu huenda akaandikwa kuwa amefanya kazi saa 8 au 9. Moyo wake unajua ni ngapi. Na ikiwa nyumbani mna mzee aliyelala kitandani wa kugeuzwa usiku, au mtoto mchanga, hata usingizi wake si wa kipande kimoja. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme: ni wa mwisho kulala baada ya tarawehe na wa kwanza kuamka kwa ajili ya daku, na katikati ni jiko, sambusa na kaimati, na wageni.

Mwanamke tena ana balaa lake katika maradhi haya. Moyo wake ukishikwa, pengine hapati yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana na watu, bali huona pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, au maumivu ya mgongo na taya. Akiambiwa ni gesi au ni uchovu, hukubali, kwa sababu uchovu ameuzoea. Na aliyewahi kupandwa na presha katika ujauzito asidhani mambo yamekwisha kwa kujifungua. Mama huyo yuko katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo katika miaka ya mbele, na anapasa kupimwa kila mwaka hata kama ni mzima.

Pia tuna watu ndani ya nyumba zetu ambao saa zao hatuzihesabu hata kwa fikra: dada wa kazi. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, tunaposikia binti zetu waliokwenda Ughaibuni wakiamshwa usiku wa manane na kunyimwa siku ya kupumzika. Lakini yule binti aliyetoka Kilifi au Kwale, alalaye jikoni kwetu, huamka saa ngapi? Hulala baada ya nani? Siku yake ya mapumziko ni ipi? Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alitufundisha kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiyoyaweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Sheria ya siku 1 katika 7 inamhusu yeye kama inavyomhusu karani wa benki. Kina mama, hili liko mikononi mwenu kuliko mikononi mwa waume, nasi tunalisema kwa mapenzi.

Turudi kwa suali la kwanza la mama. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Mtume aliwaunganisha kwa udugu Salman al-Farisi na Abu Dardaa. Salman alimtembelea nduguye akamkuta Ummu Dardaa, mkewe, hali yake imechakaa, akamuuliza kulikoni. Mke hakuficha. Alimweleza kuwa mumewe hana haja tena na mambo ya dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kwa swala. Basi Salman akamfanya ale pamoja naye, akamlaza usiku, hadi mwisho wa usiku ndipo wakasimama wote wawili kuswali. Akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, kila mmoja apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman.

Tazameni, huyo alikuwa akiunyima mwili wake usingizi kwa ajili ya swala, nayo ni nguzo ya dini, na bado akazuiwa. Itakuwaje kwa tuktuk? Na mke aliyesema hakulaumiwa. Kwa hivyo, mama, huna dhambi. Una haki ya kusema, na ukishindwa una haki ya kumtafuta Salman wako: kaka yake, mjomba, imamu wa msikiti wenu, mtu ambaye maneno yake yana uzito kwake. Na kweli kutafuta riziki ya halali kwa watoto wadogo ni jambo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo mumeo hakukosea. Lakini mwili ni amana, na amana haiuzwi ili kununulia sadaka.

Tunajua fika kuwa maneno hayapunguzi kodi ya nyumba. Mtu hachagui saa 102 kwa kupenda. Ndiyo maana twasema, kaeni wawili na karatasi ya pili, ya matumizi. Ada ya skuli, kodi, unga na maji haviguswi. Lakini zipo nyumba ambamo saa 20 za kazi kila wiki zinalipa deni la harusi ya mwaka juzi, sare za lesso na ukumbi, au televisheni iliyochukuliwa kwa kulipa kidogokidogo kwa sababu jirani anayo. Hizo ndizo saa za kuanza kuzikata. Akiweza kuiacha tuktuk siku 3 tu kwa wiki, amerudisha saa 15 za usingizi. Mtoto mkubwa aliyemaliza skuli na anayeshinda kwenye simu naye ana mikono. Na siku ya mapumziko iwe ya mapumziko: alale, kisha atembee na watoto hadi ufukoni kwa miguu.

Kabla ya hayo yote, apimwe presha. Ni kazi ya dakika chache katika zahanati au duka la dawa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, akae atulie, irudiwe siku nyingine, na ikikariri amwone tabibu. Akiandikiwa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo. Nawe mama upimwe siku hiyohiyo, pamoja naye.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu masuali yaliyofika kuhusu mgonjwa wa presha na funga ya Ramadhani, na namna ya kupanga dawa baina ya futari na daku. Mwenye suali zaidi katika mlango huo alilete kabla ya Jumatano.

Wabillahi tawfiq.